Usianze na duka, anza na faili: kompyuta ya dizaina kwa pesa kidogo

Bango lilikuwa la harambee ya kanisa, mita 3 kwa mita 2, na mteja alikuwa ameomba jambo moja tu lisikosewe: buluu ya skafu za kwaya. Nilipolikunjua kwenye sakafu ya duka la uchapishaji kule River Road, Nairobi, lilikuwa zambarau. Wala si zambarau ya kubishania, ni zambarau ya biringanya. Mama mwenyekiti wa kwaya aliliangalia, akaniangalia mimi, akasema kwa upole, "Mwanangu, hii ni ya Kwaresima." Tulikuwa mwezi wa Agosti.

Mwenye mashine hakuwa na kosa, alichapa alicholetewa. Kosa lilikuwa mezani kwangu, na lilikuwa kosa la pesa kabla halijawa la rangi. Wiki tatu kabla ya hapo nilikuwa nimemaliza karibu nusu ya akiba yangu kwa kadi ya grafiki yenye feni mbili, huku monita niliyoitazama kutwa nzima ni ile niliyoiokota kwa bei ya kutupa kwenye saiba iliyokuwa ikifungwa. Nilijiundia kompyuta ya kuchezea gemu, kisha nikaketi kuchora mabango juu yake.

Vijana wanaoanza kazi hii huniuliza: ninunue prosesa ya i5 au i7? RAM ngapi? Kadi gani? Jibu langu huwaudhi kidogo kwa sababu nami huwauliza: faili gani utaifungua kila siku? Maana kompyuta ya kazi hupimwa kwanza kwenye faili, ndipo mtu apande matatu kwenda mjini.

Chukua kazi ambayo sijaona dizaina wa Nairobi aliyeikwepa, kijitabu cha mazishi. Ukurasa wa A4 unaochapwa kwa pikseli 300 kwa kila inchi una pikseli 2,480 kwa 3,508, yaani kama milioni 8.7. Katika mfumo wa CMYK, ule wa wino nne za mashine ya kuchapa, kila pikseli hubeba baiti nne. Kwa hiyo tabaka moja la picha (layer) lililojaa ukurasa mzima lina uzito wa megabaiti 35 hivi. Weka matabaka kumi, ni megabaiti 350. Hata kompyuta kuukuu itakohoa kidogo lakini itafika.

Sasa turudi kwenye lile bango. Mita 3 kwa 2, kwa pikseli 100 tu kwa inchi, ni pikseli 11,811 kwa 7,874. Hizo ni pikseli milioni 93, na tabaka moja ni megabaiti 372. Tia picha ya mchungaji, mandhari ya mawingu, kivuli, mwanga wa dhahabu ambao kila kamati huutaka, na matabaka kumi yanakaribia gigabaiti 4. Hapo Photoshop, programu ya kuhariri picha, haijaanza kuweka kumbukumbu ya kila hatua ili uweze kurudi nyuma ukikosea. Na kama ulilazimisha pikseli 300 kwa inchi kwa sababu uliambiwa chuoni kwamba uchapishaji ni 300, kila kitu kinazidishwa mara tisa, na tabaka moja peke yake linapita gigabaiti 3. Mtu atakayelitazama bango hilo yuko ng'ambo ya barabara. Haoni tofauti. Kabla hujanunua chochote, basi, acha kuipakia kompyuta mzigo ambao hakuna jicho litakalouona.

Hesabu hiyo ndiyo inayojibu swali la RAM, kumbukumbu ya muda ambamo faili uliyoifungua hukaa. Adobe, wenye Photoshop, wanataja gigabaiti 8 kuwa kiwango cha chini cha Photoshop na 16 kuwa kiwango wanachopendekeza, na kwa mara moja mimi na kampuni kubwa tunakubaliana. Kwenye 8, Windows imeshakula sehemu yake, kivinjari kimefunguliwa WhatsApp ambako mteja anatuma nembo iliyopigwa picha kutoka kwenye shati, na kilichobaki hakitoshi hata kijitabu chenye picha nyingi. Nunua 16. Ukiwa mtu wa mabango makubwa kila siku, fikiria 32, lakini si siku ya kwanza. Bei za RAM zilipanda vibaya mwishoni mwa 2025, viwanda vilipogeukia kutengenezea vituo vya data vya akili unde, na kununua ya ziada usiyoihitaji kwa sasa ni kumchangia tajiri.

Ila angalia mambo mawili. Vijiti viwili vya 8 hufanya kazi vizuri kuliko kimoja cha 16, kwa kuwa prosesa husoma kwa njia mbili kwa pamoja, na tofauti hiyo huonekana zaidi kwenye kompyuta isiyo na kadi ya grafiki ya kando. La pili ni kwamba DDR3 haiingii kwenye tundu la DDR4, wala DDR4 kwenye la DDR5. Pengo la kijiti limekaa mahali tofauti makusudi, ili usilazimishe. Nimewahi kumwona mtu akilazimisha.

RAM ikijaa, programu haisimami. Huanza kutumia diski kama daftari la rafu, na hapo ndipo diski inapoamua kama utafika nyumbani mapema. Diski ya kuzunguka husoma megabaiti 100 hadi 200 kwa sekunde siku ambayo imeamka vizuri. SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, ile ya waya wa SATA hufika kama 550. Ile nyembamba ya NVMe inayochomekwa moja kwa moja kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, mara nyingi hupita 3,000. Zaidi ya hizo namba, diski ya kuzunguka ina mkono unaotembea kutafuta vipande vya faili, na vikiwa vimetawanyika huo mkono hutangatanga kama mgeni katika soko la Gikomba. SSD haina mkono. Kama una kompyuta ya zamani na pesa ya kununua kifaa kimoja tu, nunua SSD, hata ya SATA, uache ile ya zamani iwe ghala la kazi zilizokwisha.

Kuna mtego mdogo hapa. Tundu la M.2 kwenye mazabodi ni umbo tu. Kuna SSD za umbo hilo zinazotumia SATA ndani na kuna za NVMe, na mazabodi nyingine hukubali aina moja tu. Uliza, au soma jina la mazabodi uitafute kwenye simu hapo hapo dukani. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Kuhusu prosesa, hapa ndipo watu wa Nairobi wanapoibiwa mchana kweupe bila hata mtu kusema uongo. Pita Moi Avenue au Luthuli usome vibao: "i7! i7! Eks-UK!", yaani mtumba kutoka Uingereza. Na ni kweli ni i7. Lakini i7 ya mwaka gani? Jina la prosesa ya Intel linasomwa baada ya kistari. i7-3770 ni ya kizazi cha 3, ya mwaka 2012. i5-8500 ni ya kizazi cha 8, ya 2018. i3-12100 ni ya kizazi cha 12, ya 2022. Ukizipanga kwa vibandiko, i7 ndiyo bwana. Ukizipanga kwa kazi, i3 hiyo ndogo inaiacha i7 ya 2012 mbali sana, ingawa zote mbili zina viini vinne, yaani sehemu nne za kufanyia hesabu. Herufi "i" na namba ya kwanza zinakuambia cheo ndani ya kizazi kimoja tu. Kusema i7 bila kizazi ni kama kusema mtu ni kapteni bila kutaja timu.

Mstari ambao mimi sivuki kushuka chini yake ni kizazi cha 8. Sababu si mapenzi. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel kuanzia kizazi cha 8, au Ryzen za AMD, mshindani wa Intel, kuanzia mfululizo wa 2000, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Chini ya hapo zipo njia za panya za kuiingiza, lakini kompyuta inayoshika faili za wateja haifai kuishi kwa njia za panya.

Viini vingi navyo vinasifiwa kupita kiasi. Kazi kubwa ya programu za kuchora kama Illustrator na CorelDRAW, kusogeza maumbo, kuhariri mistari, kuchora upya ukurasa, huangukia kiini kimoja zaidi kuliko vyote kwa pamoja. Kwa hiyo kiini chenye mbio kinakusaidia kuliko viini kumi na viwili vya polepole vinavyokaa vikitazamana. Viini sita vya i5-8500, vinavyofika gigahezi 4.1, vinatosha kabisa kwa kazi ya kuchapa. Ukiona herufi T mwishoni, i5-8500T, hiyo ni ya kubana umeme, ya vile visanduku vidogo vinavyokaa nyuma ya monita; inafika 3.5 na hupoa haraka kwa sababu haikimbii. Na ukiunda kompyuta mpya, herufi F, kama i5-12400F, inamaanisha prosesa haina grafiki zake za ndani, hivyo bila kadi ya kando utapata feni zinazozunguka na skrini nyeusi.

Upande wa AMD, mtu anayetaka kuunda mashine mpya kwa bei ya chini aitafute Ryzen 5 5600G: viini sita, grafiki ndani yake, haikulazimishi kununua kadi siku ya kwanza.

Sasa ile kadi yenyewe. Photoshop huitumia kwa kukuza na kuzungusha picha kwa ulaini, na kwa vichujio kadhaa. Mtu wa video na picha za 3D anaihitaji kweli. Mtu wa mabango, kadi za harusi, vijitabu na stika za matatu anaweza kuanza na grafiki za ndani ya prosesa na asife. Baadaye, ukipata kazi nzito, kadi ndogo yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 inatosha. Lakini jihadhari na kasha. Kompyuta nyingi za eks-UK, zile OptiPlex za Dell na EliteDesk za HP zilizo nyembamba, zina nafasi ya kadi fupi tu na pawa saplai ya umbo lake la pekee, isiyobadilishwa na yoyote ya dukani. Kadi kama Quadro P1000 inaingia humo, inakula wati 47 na haihitaji waya wa ziada. Kadi yangu ya feni mbili isingeingia hata kwa maombi. Kama una nafasi mezani, chagua toleo la kasha refu la mashine ile ile. Na kadi ya mtumba usiinunue bila kuifungulia programu ya GPU-Z, kwa kuwa zipo kadi za zamani zilizobadilishwa jina ndani ya chipu zikajiita mpya.

Nimezipita hizo haraka kwa sababu nataka kukaa kwenye monita.

Kwa nini buluu ilikuwa zambarau? Skrini hutengeneza rangi kwa mwanga: nyekundu, kijani, buluu. Mashine hutengeneza kwa wino: sayani, magenta, njano, nyeusi. Buluu kali ya mwanga, ile ya nyekundu 0, kijani 0, buluu 255, haipo kabisa kwenye ulimwengu wa wino. Programu ikiitafsiri, hutia sayani nyingi na magenta nyingi, na hizo mbili zikikutana kwa wingi unaokaribiana huzaa zambarau. Wachapaji wana desturi ya kuacha pengo: magenta iwe chini ya sayani kwa angalau asilimia 30, buluu ibaki buluu. Mimi sikuacha pengo. Hilo ni kosa la mikono. Lakini nilikuwa nimebadilisha faili kuwa CMYK kabla ya kuipeleka, na buluu ikageuka mbele ya macho yangu, nami sikuona, kwa kuwa monita ile ya saiba ilizionyesha buluu zote mbili zikiwa sawa.

Ilikuwa ya aina ya TN. Utaitambua kirahisi: fungua ukurasa wa kijivu, simama, keti, chuchumaa. Ukiona kijivu kinabadilika kuwa cheusi au cheupe kila unapobadilisha urefu wa macho, hiyo ni TN, iache hapo hapo. Unachotafuta ni IPS, ambayo rangi yake haiyumbi ukitazama kutoka pembeni. Kisha uliza inafunika kiasi gani cha sRGB, kipimo cha rangi kilichowekwa na HP na Microsoft mwaka 1996 na ambacho hadi leo ndicho lugha ya pamoja ya skrini. Unataka karibu asilimia 100. Laptopu nyingi za bei ya chini huandikwa kwa herufi ndogo "45% NTSC". Ni kipimo kingine, na maana yake ni kwamba kama theluthi moja ya rangi za sRGB hazionekani. Ukiona "72% NTSC", hiyo inakaribia sRGB kamili. Kama una laptopu ya 45, usiiuze. Iunganishe na monita nzuri ya mezani, ubaki na skrini mbili, ndogo ya vibonyezo na kubwa ya rangi.

Habari njema ni kwamba monita nzuri huzeeka polepole kuliko prosesa. Ofisi za nje zikibadilisha vifaa, monita kama Dell UltraSharp U2412M ya inchi 24 au P2419H huishia kwenye maduka yetu ya mtumba, na zote mbili ni IPS zinazofunika karibu sRGB yote. Angalia doa la njano pembeni, alama za maandishi yaliyogandia, pikseli zilizokufa. Beba kwenye simu picha tano: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani, buluu, kila moja ikiwa imejaa rangi moja, uzionyeshe kwenye monita hiyo moja baada ya nyingine.

Ukifika nayo nyumbani, punguza mwanga. Monita huja zikiwa zimewashwa kama taa za Thika Road, nawe ukichora kwenye mwanga huo, kazi hurudi kutoka mashineni ikiwa nyeusi na mteja anasema wino ulikuwa mbovu. Chukua kazi iliyokwisha kuchapwa, ishike kando ya skrini karibu na dirisha, ushushe mwanga hadi karatasi nyeupe na ukurasa mweupe vifanane. Kifaa cha kupimia rangi ni bora zaidi, lakini si lazima kila mtu awe nacho. Watu watatu mnaofahamiana mnaweza kununua kimoja kwa kuchangiana, kama chama, mkakizungusha kila baada ya miezi miwili.

Kuhusu umeme, rahisi ghali. Ukiunda mashine yako, usinunue pawa saplai nyepesi mkononi iliyoandikwa wati 500 kwa herufi kubwa. Inapokufa huondoka na wenzake. Ile ya ndani ya kompyuta ya eks-UK kwa kawaida ni imara, iache. Kisha nunua UPS. Ya VA 650 haina maana ya wati 650, ni kati ya 325 na 390 hivi, lakini kompyuta ya ofisi isiyo na kadi kubwa pamoja na monita hazifiki hata 150 kwa kazi ya kawaida. Utapata dakika kumi za kuhifadhi faili, kuzima kwa adabu, na kumpigia mteja kumwambia stima zimepotea. Anajua. Kwake pia zimepotea.

Nikigawa kila shilingi 100 leo, yaani kama ningeanza upya, 45 zingeenda kwenye mashine yenyewe ya kizazi cha 8 au zaidi ikiwa na SSD, 30 kwenye monita, 10 kuongeza RAM ifike 16, 10 kwenye UPS, na 5 ningeziweka kando kwa majaribio ya kuchapa vipande vidogo kabla ya kazi kubwa. Kadi ya grafiki haimo. Programu pia hazimo: Inkscape, Krita na GIMP ni za bure, Affinity nayo ni ya bure tangu Oktoba 2025, na zile za wizi zinazogawanywa kwa flashi huja na wageni usiowaalika.

Na unapokwenda dukani, nenda na flashi. Ndani yake weka faili yako nzito kuliko zote, toleo la Krita lisilohitaji kusakinishwa, na CrystalDiskInfo ya kuonyesha afya ya diski. Fungua kidirisha cha kazi za Windows, sehemu ya utendaji: kitakuambia kizazi cha prosesa, kasi ya RAM na matundu mangapi bado yako wazi, bila kutegemea kibandiko. Kisha fungua faili, tia ukungu kwenye tabaka kubwa, hifadhi, na uhesabu sekunde kwa saa ya simu.

Mara ya mwisho nilimsindikiza binamu yangu kununua yake, na lile bango la kwaya bado ndilo ninalolitumia kwa jaribio hili. Muuzaji alisimama nyuma yetu amekunja mikono, akatazama mawingu, mchungaji na buluu, akatutazama sisi na saa zetu. "Bosi," akasema, "wewe hununui kompyuta, unachumbia." Nikamwomba azime, awashe tena, nihesabu upya.